Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Somo kwa Mnunuzi wa Tangi Jipya la Samaki Dodoma

Utangulizi

Mnunuzi wa samaki wa mapambo hukutana na hasara yake ya kwanza mapema. Jumamosi huleta nyumbani tangi la kioo, changarawe, kichujio na samaki kumi wenye rangi za kuvutia. Jioni hiyohiyo hulijaza tangi kwa maji ya bomba na kuwatia samaki, watoto wakishangilia. Siku ya nne maji huingia ukungu. Wiki ya pili samaki wawili huelea wamekufa, kisha watatu, na kabla ya mwezi kwisha tangi hubaki na changarawe peke yake. Mnunuzi hurudi dukani, huambiwa kuwa samaki wale walikuwa dhaifu, hununua wengine kumi, na mambo hujirudia vilevile.

Mara nyingi samaki hawakuwa dhaifu, wala muuzaji hakuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni muda. Tangi jipya, hata likiwa na maji meupe kama kioo, halijawa makazi ya samaki. Linahitaji wiki nne hadi sita za kuandaliwa kabla halijaweza kubeba uhai. Mlaji anayelifahamu jambo hili huokoa fedha, huokoa maji, na huwaepusha viumbe na mateso yasiyo ya lazima.

Mwishoni mwa somo hili msomaji ataweza: kueleza tabia ya maji ya Dodoma, kuandaa tangi kabla ya kununua samaki, kuchagua samaki wanaolingana na maji yake, kutunza ubora wa maji bila ubadhirifu, na kutambua haki zake dukani.

1. Tabia ya maji yetu

Dodoma ipo katika nyanda kame za kati, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mito ya karibu hukauka wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo wakazi wa mji wametegemea kwa miongo mingi maji ya ardhini, hasa ya visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji hayo husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, DUWASA.

Maji ya ardhini hupita katika miamba na udongo kwa muda mrefu, na njiani huyeyusha madini, hasa kalisi na magnesi. Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Mama wa nyumbani huyatambua bila kipimo chochote: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na chini ya birika la chai hujengeka ukoko mweupe. Kwa binadamu hali hiyo ni usumbufu wa jikoni. Kwa samaki, ndiyo hali ya hewa anayoishi ndani yake.

Yapo mambo mengine mawili ambayo mnunuzi wa Dodoma sharti ayazingatie. La kwanza ni klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vimelea vya magonjwa. Kiasi kinachomfaa binadamu kwa kunywa chaweza kuunguza matamvua ya samaki na kuwaua bakteria wema ambao tutawaeleza hivi punde. La pili ni mgao. Katika maeneo mengi maji hayatoki kila siku. Kaya huhifadhi katika simtanki na mapipa, au hununua maji ya boza ambayo chanzo chake hakijulikani. Maana yake ni kwamba maji ya wiki hii na ya wiki ijayo huenda yasiwe ya aina moja. Kila chanzo kipya sharti kipimwe kabla ya kumwagwa tangini.

2. Kinachotendeka ndani ya tangi jipya

Samaki hutoa taka mchana na usiku kupitia matamvua na kinyesi. Taka hizo, pamoja na chakula kilichobaki na majani yaliyooza, huzaa amonia. Mtoni au ziwani amonia hutawanyika katika maji mengi. Katika tangi la lita 55 haina pa kwenda.

Kinachomwokoa samaki ni makundi mawili ya bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo, nasi huiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Bakteria hawa hawauzwi pamoja na kioo. Hujijenga taratibu juu ya sponji ya kichujio na juu ya changarawe, mahali penye maji yanayotembea na hewa ya kutosha. Kundi la kwanza huanza kuonekana kazini baada ya wiki moja hivi. La pili huchelewa zaidi. Ndiyo sababu samaki wengi hufa katika wiki ya pili na ya tatu, wakati amonia na nitriti zimefika kileleni na wasafishaji bado ni wachache.

3. Kwa nini amonia ni hatari zaidi katika maji ya namna hii

Amonia iliyomo majini huwa katika sura mbili. Moja haina madhara makubwa. Nyingine hupenya matamvua na kuua. Kinachoamua ipi itawale ni kipimo cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ambacho katikati yake ni 7. Maji magumu kwa kawaida hukaa juu ya 7 na hayashuki kwa urahisi.

Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, katika kila sehemu 1,000 za amonia, sehemu zilizo sumu ni takriban kama ifuatavyo:

pH 7: sehemu 6
pH 8: sehemu 54
pH 9: sehemu 360

Msomaji atazame vizuri tarakimu hizi. Kutoka pH 7 kwenda pH 8, sumu huongezeka karibu mara tisa, ingawa kiasi cha amonia hakijaongezeka hata chembe. Kwa hiyo kosa ambalo mfugaji mwenye maji laini hulifanya na kusamehewa, mfugaji mwenye maji magumu huweza kulilipia kwa tangi zima. Joto likipanda, hatari huzidi.

Tahadhari nyingine inahusu namna ya kupima. Maji yatokayo kisimani huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, nayo huishusha pH. Maji yakikaa wazi, hewa hiyo hutoka na pH hupanda. Basi usipime pale bombani ukaridhika. Chota maji katika ndoo, yaache usiku kucha, kisha pima. Kipimo hicho cha pili ndicho ambacho samaki wako ataishi nacho.

4. Ratiba ya wiki sita

Kabla ya yote, fahamu ujazo wa tangi lako. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kina cha maji cha sm 35 lina lita 63. Ukitoa nafasi inayochukuliwa na changarawe na mawe, hubaki lita 55 hivi. Mifano yote ya somo hili inatumia tangi hilo.

Vifaa vya lazima ni kichujio chenye sponji, pampu ya hewa, kipasha joto, kipimajoto, mfuniko, ndoo mbili zenye matumizi ya samaki pekee, na vipimo vya pH, amonia, nitriti na nitrati. Vipimo vya matone kwa kawaida hutoa majibu sahihi zaidi kuliko vijikaratasi vya kuchovya. Soma tarehe ya kwisha muda kabla ya kulipa.

Wiki ya kwanza. Weka tangi mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, juu ya meza imara, kwani lita 55 za maji pekee zina uzito wa kilo 55. Osha changarawe kwa maji matupu. Sabuni isiguse kitu chochote. Jaza maji yaliyokaa wazi katika chombo chenye mdomo mpana kwa saa 24 au zaidi, yakipigwa hewa na pampu, ili klorini itoke. Pampu na kichujio viwashwe na visizimwe. Kisha kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki, kana kwamba samaki yumo. Chakula hicho kitaoza na kutoa amonia, ambayo ndiyo lishe ya bakteria.

Wiki ya pili na ya tatu. Pima kila baada ya siku mbili au tatu na uandike majibu katika daftari. Amonia itapanda, kisha itaanza kushuka. Wakati huo nitriti itakuwa inapanda. Maji yakiingia ukungu mweupe usiyamwage. Ni dalili ya bakteria kuongezeka, na ukungu huo huondoka wenyewe.

Wiki ya nne hadi ya sita. Nitriti itashuka na nitrati itaonekana. Tangi limekomaa pale amonia na nitriti zitakaposoma sifuri kwa vipimo viwili au vitatu mfululizo, ilhali bado unatia chakula kila siku. Hapo badilisha karibu nusu ya maji ili kupunguza nitrati, na ndipo uende dukani.

Ipo njia halali ya kufupisha safari hii. Ukiwa na jirani mwenye tangi lililokomaa na lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya kichujio chake. Kibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi lake na ukiweke katika kichujio chako siku hiyohiyo. Hata hivyo, usiache kupima.

Samaki wa kwanza wawe wawili au watatu wadogo. Subiri wiki mbili, pima, kisha ongeza wengine wachache. Bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, hivyo samaki kumi wakiingia kwa mkupuo mmoja huwazidi nguvu.

5. Mfuate maji, usimfuate samaki

Wafugaji wengi huchagua samaki kwa rangi, kisha hupambana na maji mwaka mzima. Njia iliyo nafuu ni kuanza na maji uliyonayo na kutafuta samaki aliyeumbwa kwa maji hayo.

Kwa bahati njema Tanzania ni nchi ya samaki wa maji magumu. Ziwa Tanganyika lina maji yenye alkali nyingi, pH yake ikikaribia 9, na samaki wake wa jamii ya sikilidi hutafutwa na wafugaji duniani kote. Ziwa Nyasa nalo lina mbuna, samaki wadogo wa miambani wenye rangi za samawati na manjano, ambao hupenda maji yenye pH ya 8 hivi. Gapi na moli, ambao hawatoki kwetu lakini hupatikana madukani kwa urahisi, nao hustawi katika maji magumu. Kwa tangi dogo la lita 55, gapi ni mwanzo mzuri. Mbuna hugombana wakibanwa, hivyo wanahitaji tangi kubwa zaidi.

Kinyume chake, samaki wengi waliotokea bonde la Amazon, kama vile neoni na diskasi, wamezoea maji laini yenye asidi kidogo. Muuzaji anaweza kukupa chupa ya dawa ya kushusha pH. Katika maji magumu dawa hiyo huishusha kwa saa chache, kisha madini yaliyomo huirudisha juu. Kupanda na kushuka huko humchosha samaki kuliko pH ya juu iliyotulia. Anayetaka samaki hao hana budi kupunguza ugumu wenyewe, kwa kuchanganya na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi baada ya mvua za kwanza kuliosha vumbi. Kwa kuwa Dodoma mvua hizo ni za miezi michache, fikiria mapema utayatoa wapi maji hayo mwezi wa Septemba.

Siku ya kuwaleta samaki nyumbani, acha mfuko uelee tangini kwa dakika 20 hadi 30 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo. Maji ya mfukoni usiyamwage tangini. Mtoe samaki kwa wavu. Ikiwa samaki wamesafiri kwa saa nyingi, mathalani kwa basi kutoka Dar es Salaam, utaratibu hubadilika. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa ya ukaa huwa imejaa na kushusha pH, na amonia iliyolimbikizwa huwa imelala. Mfuko ukifunguliwa, pH hupanda na amonia huamka. Basi linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, na baada ya kuufungua wahamishe samaki bila kuchelewa.

6. Kujazia si kubadilisha

Hewa ya nyanda za kati ni kavu, na maji ya tangi hupungua kwa mvuke upesi. Wengi huongeza maji mapya kufikia alama ya zamani, wakaamini kuwa wamebadilisha maji. Hilo ni kosa, na sababu yake ni nyepesi: mvuke huondoka na maji matupu, chumvi na madini hubaki.

Tuchukue kwamba tangi letu la lita 55 hupoteza lita 3 kila wiki kwa mvuke, na mwenye tangi hujazia tu. Baada ya wiki 18 atakuwa ameongeza lita 54. Madini ya lita zote hizo yamebaki ndani, hivyo ugumu wa maji umekaribia maradufu, na nitrati imelundikana bila njia ya kutoka. Samaki wa zamani huenda wamezoea polepole. Samaki mpya akitiwa humo hufa siku ya pili, na mwenye tangi hushangaa.

Sasa tuchukue kwamba mwenye tangi huyohuyo hutoa lita 11 kila wiki, sawa na asilimia 20, kisha hurejesha lita 14. Madini yatapanda hadi kuzidi yale ya maji ya bomba kwa robo na kidogo tu, na hayatapanda tena. Lita 11 ni takriban nusu ya ndoo ya lita 20. Gharama hiyo si kubwa hata kwa kaya iliyo kwenye mgao, na mfuniko wa kioo hupunguza mvuke. Maji yanayotolewa yana nitrati, ambayo ni mbolea. Yamwagilie mchicha au matembele ya uani.

Kazi za kila wiki ni hizi:

(a) Siku moja au mbili kabla, jaza ndoo ya samaki na uiache wazi, ikipigwa hewa. Hakikisha joto lake linalingana na la tangi. Maji ya simtanki lililopigwa na jua huwa ya moto mchana.
(b) Nyonya uchafu wa chini ya changarawe kwa mpira, ukitoa lita 11.
(c) Kila baada ya wiki kadhaa, kamulia sponji ya kichujio ndani ya maji uliyoyatoa. Kamwe usiioshe kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria uliowalea kwa wiki sita.
(d) Pima. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Pima nitrati ya maji ya chanzo pia, kwa kuwa baadhi ya visima, hasa vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo, huwa nayo tayari.
(e) Lisha kiasi kinacholiwa ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Chakula cha ziada ni amonia ya kesho.

7. Joto, baridi na kukatika kwa umeme

Samaki wengi wa kitropiki hupendelea nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma ni wa baridi, na maji ya tangi lisilo na kipasha joto huteremka chini ya kiwango hicho. Kipasha joto cha takriban wati moja kwa kila lita hutosha. Mwezi wa Oktoba na Novemba tatizo huwa kinyume: joto hupanda, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Tena kwa sababu ya mwinuko wetu, maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na pwani. Kwa hiyo pampu ya hewa hapa ni ya lazima, na idadi ya samaki iwe ndogo kuliko ile ambayo vitabu vya kwingineko hushauri.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Wakati wa baridi lifunike tangi kwa blanketi, ukiacha upenyo wa hewa juu. Pampu ndogo ya betri ni akiba nzuri. Ikiwa haipo, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda. Umeme ukikosekana kwa saa nyingi, toa sponji ndani ya kichujio na uilaze wazi tangini, ili bakteria wasikose hewa wakafa.

8. Dalili za hatari

Samaki wakipanda juu na kutwetea, matamvua yakiwa mekundu au ya kahawia, au wakikaa chini wamebana mapezi, dhani maji kabla ya kudhani ugonjwa. Pima mara moja. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, ongeza hewa, usilishe kwa siku moja au mbili, na upime tena kila siku hadi isome sifuri. Usikimbilie dawa, baadhi ya dawa huua bakteria na kuzidisha tatizo.

Hatari mbili za nyumbani husahaulika. Dawa ya mbu ya kupuliza ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Usiipulize katika chumba chenye tangi. Na maji yaliyotiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa yana klorini, usiyatumie.

9. Haki na wajibu wa mnunuzi

Dukani uliza maswali haya kabla ya kufungua pochi: Samaki hawa wamekaa hapa siku ngapi? Wanaishi katika maji yenye pH gani? Naweza kuwaona wakila? Watafikia ukubwa gani? Wakifa ndani ya siku chache, duka litafanya nini? Muuzaji mwaminifu hatakereka. Akikwambia kwamba tangi, maji na samaki vyaweza kuanza siku moja bila maandalizi, ahirisha ununuzi.

Dai risiti ya EFD na uitunze. Kichujio au kipasha joto kikiwa kibovu, au kipimo kikiwa kimepita muda wake, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Usiporidhika, Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara. Malalamiko kuhusu huduma ya maji ya bomba hupelekwa kwanza kwa mamlaka ya maji inayokuhudumia. Yasipotatuliwa, huwasilishwa EWURA.

Wajibu wa mnunuzi nao ni mzito. Aliyechoka na samaki wake ampe mfugaji mwingine au awarudishe dukani. Asiwaachie Hombolo, Mtera wala katika madimbwi ya mvua. Taifa hili linakumbuka yaliyotokea Ziwa Victoria, ambako sangara waliopandikizwa katika karne iliyopita walichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Gapi wachache waliomwagwa mferejini huonekana jambo dogo. Lakini katika madimbwi ya muda ya nchi yetu wanaishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri mvua ndani ya tope kavu. Mgeni akiingia katika maji yao, huenda wasiwe na mahali pengine pa kukimbilia.

10. Zoezi la kujipima

1. Tangi lina urefu wa sm 80, upana wa sm 35 na kina cha maji cha sm 35. Lina lita ngapi kabla ya kutoa nafasi ya changarawe, na asilimia 20 yake ni lita ngapi?
2. Maji ya ndoo yamesoma pH 7.2 pale bombani na 8.1 asubuhi yake. Utachagua samaki kwa kipimo kipi, na kwa nini?
3. Wiki ya tatu amonia imesoma sifuri, lakini nitriti iko juu. Je, uende dukani kununua samaki?
4. Jirani yako huosha sponji ya kichujio kwa maji ya bomba kila Jumapili ili iwe safi kabisa. Utamshauri nini?

Majibu

1. Lita 98, asilimia 20 ni lita 19.6, yaani karibu ndoo moja.
2. Kipimo cha 8.1, kwa kuwa hewa ya ukaa imeshatoka na hiyo ndiyo hali ya kudumu ya maji.
3. Hapana. Kundi la pili la bakteria halijatosha. Subiri hadi nitriti nayo isome sifuri.
4. Aikamulie katika maji aliyoyatoa tangini, wala isiwe kila wiki. Usafi anaoutafuta huua bakteria wanaolisafisha tangi lake.